Vilio Vitano vya Mzee Eliona

Jumamosi, 5 Julai. Masama.

Nimefunga duka. Nimebandika karatasi mlangoni kwamba nipo kwenye utafiti. Denis wa duka la jirani aliisoma, akauliza utafiti wa nini. Sikumjibu. Mtu anayeuza makava ya simu hawezi kuelewa mambo ya utafiti. Mimi pia nauza makava ya simu, lakini ni kwa muda tu.

Nimefika huku juu saa nne. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, baridi inauma masikio. Hakuna aliyetoka kunipokea. Nilimkuta Mama jikoni akikoroga mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka, akauliza kama nimeleta sabuni. Sikuleta. Nimeleta elimu.

Niandike mambo yalivyo, ili siku moja wajukuu wasome. Mwanangu wa kwanza ana wiki tatu. Anaitwa Eliona, jina la marehemu baba yangu, kwa sababu huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na hakuna kikao. Mimi nilikuwa nimependekeza Jayden. Mama alinitazama tu. Sasa anamwita mtoto "mume wangu". Akipita na beseni anamwambia pole na kazi, mume wangu. Mimi niliyebebwa tumboni miezi tisa ananiita "wewe".

Mke wangu Aikaeli amewekwa chumba cha ndani kama desturi inavyotaka. Miezi mitatu mzazi halimi, hapiki, hachoti maji. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto, mchana mtori, jioni nyama. Amenawiri, mashavu yamejaa. Mimi kule kwetu Pasua, Moshi mjini, nakula chipsi mayai, na mkanda nimeuongezea tundu kwa msumari. Hakuna anayenikanda mimi.

Nawataka nyumbani kabla mwezi haujaisha. Chumba kimekuwa kikubwa mno. Juzi nilijikuta naliaga jiko la gesi wakati natoka. Nimewakumbuka mpaka kifua kinauma, na hilo naliandika hapa tu.

Nilimwambia Mama. Akasema miezi mitatu ni miezi mitatu. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya kudharau, huko mjini nani atajua mtoto analilia nini. Hapo akanifungulia mlango mwenyewe!

Nimesoma jambo hili. Yaani nimetazama video. Mtaalamu mmoja mwenye ndevu nadhifu ameeleza kwamba kilio cha mtoto mchanga ni lugha kamili, na kwamba kuna vilio vitano. Bando liliisha kwenye cha tatu. Cha nne na cha tano nimevigundua mwenyewe, kwa akili.

Cha kwanza, njaa: kifupikifupi, na mdomo unatafuta. Cha pili, usingizi: kinavutwa, kinaishia na mwayo. Cha tatu, gesi: miguu inakunjwa tumboni. Cha nne, dharau: mtoto anawalilia watu wasiomwelewa, hasa wanawake. Cha tano ndicho kikubwa kuliko vyote. Kinatokea ninapomsogelea mimi akiwa amelala, nikiwasha tochi ya simu nimrekodi vizuri. Kinakuja ghafla, kwa nguvu, uso mwekundu, mikono miwili juu. Hiyo ni salamu. Mtoto amemtambua baba yake.

Leo amenisalimia mara nyingi sana.

Aikaeli anasema ni tochi. Nilimwelewa. Mtu akishiba mtori huwa anaongea chochote.

Jumapili, 6 Julai.

Siku mbaya. Naiandika kwa ajili ya ukweli tu.

Baada ya ibada wamama wa usharika walikuja kumwona mzazi. Walikuja na maziwa, ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu. Walijaa sebuleni, wakaimba, wakaomba, wakakaa. Mimi nikaona hii ndiyo hadhara yangu. Mama akiaibishwa mbele ya usharika mzima, atawaachia mke na mtoto leo leo.

Nikasimama karibu na pazia la chumba cha mzazi. Nikawaeleza kwa kifupi kuhusu vilio vitano. Sikuchukua muda mrefu, ingawa mmoja alisinzia. Mwenyekiti wao akauliza kama ninaweza kuonyesha. Nikasema ninaweza, tena bila hata kumwona mtoto. Tungoje alie.

Tukangoja. Eliona, mtoto mkaidi kama marehemu babu yake, akanyamaza kimya. Nikaanza kuona wamama wanaangaliana. Halafu, Mungu si Athumani, kilio kikatoka upande wa nyuma. Kikali, chembamba, kinatetemeka.

Nikainua kidole. Nikasema: hicho ni cha kwanza kilichochanganyika na cha nne. Ana njaa, na anawadharau wote waliomo humu. Nikasema sikilizeni jinsi anavyovuta mwisho, hiyo ndiyo dharau yenyewe, mtoto huyu ana akili nyingi.

Mama akainuka polepole, akaenda jikoni, akarudi amekumbatia mwanambuzi.

Kumbe mbuzi wa Mama alizaa Alhamisi, akamkataa mtoto wake, na Mama amemweka kando ya jiko kwa sababu ya baridi, anamnywesha maziwa kwa chupa. Mimi nimefika jana, ningejuaje? Hakuna anayeniambia kitu nyumba hii.

Walicheka mpaka vilemba vikafunguka. Yule mwenyekiti alilazimika kushikwa. Niliwaambia kwamba hata hivyo mbuzi kweli alikuwa na njaa, kwa hiyo sayansi haikukosea, imekosea mnyama tu. Wakacheka upya. Niliwasikia wakicheka mpaka barabarani. Nabii hana heshima kwao, imeandikwa.

Walipoondoka Mama alikaa mbele yangu. Akasema alikuwa na nia ya kuwaachia mwezi wa tisa kama desturi ilivyo. Lakini mtu asiyeweza kumtofautisha mwanawe na mbuzi haachiwi mtoto. Aikaeli na Eliona watakaa hapa mpaka Krismasi.

Krismasi! Krismasi ukoo wote unapanda kutoka Dar, Arusha na kila mahali. Watanikuta naishi kihuni kule Pasua, mke yuko kwa mama yangu. Watanitengenezea utani wa kudumu mpaka Pasaka.

Nikamwambia anipe mtihani. Mtihani wowote. Akafikiri. Akasema siku nitakayomnyamazisha mtoto anayelia, mbele ya macho yake, kwa mikono yangu, bila kumrudisha kwa mama yake, siku hiyo niwachukue wote. Nina wiki hii tu.

Nimekubali mara moja. Maskini Mama, hajui anashindana na nani.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Wengine siku ya Sabasaba wanaona maonyesho. Mimi nimeonyeshwa Godbless.

Godbless ni kaka yake Aikaeli. Anaendesha bodaboda pale stendi ya Moshi. Amekuja na mfuko wa mchele wa Mabogini na kelele za watu watatu. Anaingia hodi yuko ndani, kofia ngumu kichwani, anamwita Mama "mama mkwe wetu", anasifia mtori kabla hajauonja. Mama anampenda. Sielewi watu wanatumia kipimo gani.

Eliona akaanza kulia. Nilishajua ni cha pili, usingizi, na nilikuwa naelekea kueleza. Godbless akanyoosha mikono. Mama akamwambia anawe kwanza. Akanawa. Akamchukua mtoto, akamweka begani, akabana midomo na kuanza kuitetemesha. Brrrrrr. Pikipiki ikipanda mlima. Akabadilisha gia. Brrrrrr.

Mtoto akalala.

Nilimuuliza, kitaalamu, kwamba mtoto alikuwa analilia nini. Akasema hajui, shemeji, labda alikuwa analia tu. Hebu ona! "Analia tu." Mtu hajui kilio hata kimoja, anapewa mtoto. Debe tupu, na wanamkatia nyama.

Mama alimwambia Godbless kwamba Mzee Eliona naye, enzi za uhai wake, alikuwa akisinzia kwenye lori la kahawa. Wakacheka wote. Aikaeli naye alicheka, nikamsikia kupitia pazia, kile kicheko chake cha Pasua ambacho sijakisikia tangu Mei. Kilinichoma. Kicheko kile ni changu, si cha pikipiki ya mdomo.

Godbless analala hapa leo. Amepewa kitanda. Mimi nipo stoo, na magunia na yule jogoo wa usharika.

Lakini nimewaza. Kama mdomo wa Godbless, ambao ni mwigo tu, unamlaza mtoto, pikipiki yenyewe itafanya nini?

Jumanne, 8 Julai.

Nimeungua mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko umepinda. Naandika kwa wa kulia, lakini moyo umepinda.

Mpango ulikuwa safi. Godbless alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Mtoto alikuwa amelala, kwa hiyo nilipanga hivi: nisukume pikipiki mpaka chini ya dirisha la mzazi, niiweke tayari, mtoto akiamka na kulia nimwite Mama, niwashe, anyamaze, basi. Kisha niliona ni vizuri kuijaribu injini kwanza.

Sikujua kwamba Godbless huiacha ikiwa kwenye gia. Mtu gani anaacha chombo kwenye gia?

Iliondoka na mimi. Tulipita katikati ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, tukaangusha mgomba wa mshare ambao Mama alikuwa anausubiri ukomae, tukazunguka banda, ng'ombe akakata kamba na kukimbilia kwa jirani, na mwisho tukaingia kwenye mafiga ya nje ambako sufuria ya mtori wa mzazi ilikuwa inachemka. Mtori wote ukaenda chini, na kidogo ukaenda mkononi mwangu.

Mama alisimama mlangoni. Mwanambuzi alitoka akaanza kulamba mtori.

Sasa jambo la kisayansi ni hili. Injini ilinguruma, sufuria ikalia, ng'ombe akapiga kelele, majirani wakaja. Muda wote huo Eliona alilala fofofo. Aikaeli aliniambia hakufungua hata jicho moja. Nikaingia taratibu kuhakikisha, nikawasha tochi, nikaweka simu karibu na mdomo wake.

Cha tano, papo hapo!

Kwa hiyo imethibitika. Pikipiki hazimsumbui, ng'ombe hawamsumbui, lakini baba yake akimkaribia tu, damu inaitika. Nilimweleza Aikaeli hivyo. Aliniambia nitoke. Alisema amekaa saa nzima kumlaza, kwamba usingizi wa mtoto ndio usingizi wake, na kwamba akili ni nywele lakini wengine tumeota upara mapema.

Nilimsamehe. Amekosa mtori wa leo.

Jumatano, 9 Julai.

Nimepewa kazi. Kukata migomba iliyokwishazaa, kumlisha ng'ombe, kusugua ile sufuria. Mkono mmoja una bandeji. Mama anasema huo mwingine mzima.

Denis alipiga simu kutoka Moshi. Kumbe binti yake mchanga analia tangu alfajiri na mkewe amechoka. Akasema amekumbuka ile karatasi ya utafiti, akamuuliza mtu, akaambiwa mimi ni bingwa wa vilio. Nikajua umefika wakati wangu. Nikamwambia anirekodie kilio, anitumie. Niliegemea jembe nikasikiliza mara moja tu. Bingwa hahitaji mara mbili.

Nikamjibu: cha nne, dharau. Binti anawaona hamna mwelekeo. Msimguse, mwacheni atafakari.

Baada ya muda akapiga tena. Walimwacha atafakari. Kisha bibi yake akapita, akamfungua nepi, akakuta sisimizi. Denis aliongea mengi, na mengine siwezi kuyaandika kwenye nyumba ya Kilutheri. Nilimweleza kwamba sisimizi hakusikika kwenye rekodi, na kwamba mtu anayetaka majibu sahihi alete habari kamili. Akakata simu. Halafu akaweka habari hiyo kwenye kundi la wafanyabiashara wa mtaa wetu, pamoja na picha ya sisimizi.

Sina uchungu. Watu wa chini hawawezi kupanda kwa siku moja.

Wakati nasugua sufuria nimepata wazo jipya, na hili halina gia. Mtoto anamtambua mama yake kwa harufu. Yule mtaalamu alisema hivyo kabla bando halijaisha. Pia alisema kifua cha mzazi, ngozi kwa ngozi, kinamtuliza mtoto. Aikaeli ameanika kitenge chake cha kulalia kwenye kamba. Hakijafuliwa. Kina harufu ya maziwa, mafuta ya mgando, na Aikaeli mwenyewe.

Nilikinusa kidogo. Nilikaa nacho pale nyuma ya banda kwa muda kuliko utafiti ulivyohitaji.

Kesho naomba mtihani.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimeshinda. Niandike tena. Nimeshinda!

Mama alikaa sebuleni kwenye kigoda, mikono kifuani. Godbless alikuja kushuhudia, eti alikuwa na abiria wa huku juu. Uongo mtupu, alikuja kuniangalia nikianguka.

Mtoto alipoanza kulia, cha kwanza bila shaka yoyote, nilitoka stoo. Nilikuwa nimejifunga kitenge cha Aikaeli kifuani na kilemba chake kichwani. Ndani sina shati. Godbless alitazama, akaketi chini sakafuni. Mama aliuliza kama nimepatwa na malaria.

Nikampokea mwanangu. Nikamweka kifuani. Akanusa kitenge. Nikaona pua ndogo inafanya kazi. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Nikamtazama Mama kwa jicho la ushindi. Mtoto akageuza kichwa kushoto, kulia, anatafuta, anatafuta, na hapo nikakumbuka kwamba cha kwanza maana yake ni njaa.

Alikipata alichokuwa anatafuta. Si kile alichotarajia, lakini alikishika.

Sijui nani alieneza habari kwamba mtoto asiye na meno haumi. Mtu huyo hajawahi kuwa na nywele za kifua. Nililia. Nakiri nililia kwa sauti, nikaita "Mama!", tena mara kadhaa, na sikumaanisha mwingine bali huyo aliyekaa kwenye kigoda.

Eliona akaachia. Akanitazama. Macho yamemtoka, mdomo wazi, kama mzee aliyesikia habari za ajabu kanisani. Akanyamaza kabisa. Akaendelea kunyamaza. Mimi nalia, yeye ananiangalia.

Mama alicheka mpaka akaanza kukohoa. Alipopata pumzi akajifuta machozi, akasema yeye ni mtu wa neno lake. Alisema mtoto anyamazishwe mbele ya macho yake, kwa mikono yangu, bila kwenda kwa mama yake. Amenyamaza. Kanyamazishwa kwa kilio cha baba yake, lakini ameny-

Hapa kalamu imeteleza kwa furaha. Amenyamaza. Ruhusa imetolewa. Jumapili tunashuka!

Godbless alinipa mkono. Akasema hongera, shemeji, hicho sasa ni cha ngapi? Wivu mtupu.

Ijumaa, 11 Julai.

Kumbe kulikuwa na mtihani wa pili.

Asubuhi nilikwenda kumwambia Aikaeli afungashe. Hakufungasha. Aliniketisha kitandani. Akasema Mama ametoa ruhusa ya Mama, lakini yeye hakuulizwa na mtu. Nikamuuliza kama hataki kurudi nyumbani.

Akasema anataka. Akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: nyama ya huku ni tamu na Mama anamtunza kama yai, lakini amenikumbuka, hata makelele yangu. Akasema anachoogopa ni kitu kimoja. Ni simu. Akasema tukiwa sisi watatu tu kule Pasua, bila Mama wa kunitoa chumbani, mtoto hatalala na yeye hatalala, na atakonda, na atanichukia, na hataki kunichukia.

Niliirudisha simu mfukoni. Hilo hunitokea mara chache.

Akasema: sasa mimi nakwenda kukandwa. Maji yako tayari. Wewe izime hiyo simu kabisa, umshike mtoto, ukae. Usimpime, usimrekodi. Ukae naye tu. Nikitoka nikamkuta bado amelala, Jumapili tunashuka na wewe. Nikimkuta ameamka kwa sababu yako, nakaa hapa mpaka Krismasi, na usinitumie hata Mama kunibembeleza.

Mtihani wa watoto! Nikazima simu mbele ya macho yake. Akamlaza Eliona kwenye mkono wangu ule mzima. Akatoka.

Nilikaa.

Naomba niandike ukweli hapa. Ilikuwa vizuri. Ukungu ulikuwa dirishani, kuni zinanukia, nasikia Mama anamwambia Aikaeli ageuke upande wa pili. Mtoto alikuwa na joto. Uzito wake ni kama wa mkate uliotoka tanuruni, lakini mkate haupumui. Nilimtazama kidevu, nikamwona baba. Baba hakuwahi kulala mbele yangu hivi. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya wote. Nilimwambia kwa sauti ndogo sana, lala Mzee, mimi nipo. Akalala. Sikuwaza kilio cha kwanza wala cha ngapi. Ningeweza kukaa vile mpaka Krismasi yenyewe.

Kisha akatoa sauti.

Haikuwa kilio. Ilikuwa kitu kidogo, "mmh", kama mtu anayekubali jambo. Na kona ya mdomo ikapanda. Mara moja, halafu tena.

Ya sita! Hakuna popote ilipoandikwa! Yule mwenye ndevu hakuitaja, na hata kama aliitaja ilikuwa baada ya bando. Nilijua nikiiacha imepotea, dunia nzima itaikosa, na mimi ndiye niliyekuwepo. Simu ipo mfukoni. Maji bado yanamwagika bafuni. Tochi sitawasha. Nitarekodi sauti tu, kwa heshima.

Nikabonyeza kuwasha.

Nilichosahau ni kwamba simu yangu ikiwashwa huimba. Ule wimbo wake wa kukaribisha, na sauti nilikuwa nimeiweka juu kabisa tangu siku ya wamama wa usharika.

Iliimba wimbo wote.

Cha tano. Uso mwekundu, mikono miwili juu. Nikabonyeza kurekodi hivyo hivyo.

Aikaeli akasimama mlangoni na kanga, maji yanamtiririka, povu kwenye sikio. Aliniangalia mimi, akaiangalia simu. Hakugomba. Akamchukua mtoto mkononi mwangu, akakaa, akanipa mgongo. Nilimweleza kuhusu ya sita. Nilieleza vizuri sana. Hakujibu.

Mama alinifungia ndizi kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia nisisahau sabuni nikija tena.

Jumapili, 13 Julai. Moshi.

Nipo Pasua. Nimepika wali, umeungua. Nimelisalimia jiko.

Usiku wa jana sikulala vizuri, kwa hiyo leo nimekaa kitandani kuisikiliza ile rekodi kwa makini. Ya sita haimo. Simu ilianza kurekodi imechelewa, ni chombo cha hovyo. Kimo cha tano, kizuri sana, safi kuliko vyote nilivyonavyo. Halafu kuna sauti yangu inaeleza. Halafu kuna Aikaeli, kimya kirefu.

Nimekirudia kile kimya. Nikakirudia tena. Nilianza kulia kidogo, kisha nikashtuka. Nimekuwa mjinga kiasi gani! Nilikuwa napoteza muda na mtoto, ambaye lugha yake ni nyepesi, kumbe uwanja wenyewe ni huu. Wanawake wana vimya vitano. Cha kwanza, uchovu. Cha pili, anawaza kesho tutakula nini. Cha tatu, ameridhika. Hiki kilichomo kwenye rekodi, kwa jinsi alivyovuta pumzi mwishoni, bila shaka ni cha tatu.

Nilimpigia kumpa habari hizo njema. Alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akanyamaza. Nimekirekodi hicho pia. Ni cha tatu tena, kilichochanganyika na kunikumbuka.

Nilimuuliza kama Jumamosi nije. Akasema nije, mtoto ni wangu, lakini simu ibaki Moshi. Nimemwelewa vizuri sana. Anaionea aibu ile simu ya zamani, na kweli imetuangusha.

Kwa hiyo kesho nanunua mpya, nimeshaichagua. Inanasa sauti hata ya mtu anayepumua chumba cha pili. Ule wimbo wake wa kuwaka ni mrefu kidogo na una ngoma, lakini Mzee Eliona atauzoea.